Njia ya Moto Kuzunguka Majina

Sista msimamizi alikuwa amechomoa waya wa intaneti ukutani, akauviringisha kwa uangalifu kama mtu anayeviringisha uzi wa kufumia sweta, akaufungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Ndivyo nilivyokikuta chumba cha kompyuta asubuhi ile ya Julai. Mashine zilikuwa zimewashwa, wasichana wameketi mbele yake wakiwa wamejitanda vitenge mabegani kwa sababu ya baridi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua chochote kilicho nje ya Makambako.

Kituo kile ni cha masista. Wasichana waliomaliza kidato cha sita hukaa pale miezi michache, wakijifunza kompyuta na ushonaji huku wakisubiri vyuo. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Mjimwema, pale Njombe mjini, nikiwa na stashahada ya kompyuta na imani ambayo wenzangu wa chuo waliicheka mbele yangu, kwamba tuliyofundishwa yalipaswa kuwafikia kwanza watu wa huku kwetu kwenye baridi. Kwa hiyo nilijitolea. Asubuhi nilipanda gari wakati ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya chai, nikashuka Makambako kwenye vumbi, upepo na malori ya mbao.

Sista alinieleza kilichotokea. Msichana mmoja alifungua ukurasa uliofanana kwa kila hali na wa chuo: nembo, picha ya jengo, maneno ya kukaribisha. Akajaza namba yake ya mtihani, tarehe ya kuzaliwa na simu ya baba yake. Jioni mtu alimpigia yule baba, akajitambulisha kuwa ofisa wa udahili, akataka atumiwe ada ya kumshikia binti nafasi. Bahati nzuri baba ni mkulima wa viazi ambaye hamwamini hata anayempimia magunia. Alijibu kwa adabu kwamba fedha hiyo ataileta mwenyewe chuoni, na angependa kuelekezwa mlango wa ofisi. Simu ikakatwa.

Hakuna kilichopotea, lakini Sista hakulala vizuri. Ni mwanamke mrefu, mzaliwa wa upande wa Uwemba, anayesema polepole kama anayeshona.

"Binti," aliniambia, "mimi mitambo siijui. Ninachojua ni kwamba wazazi wamenikabidhi watoto. Waya huu utatoka kabatini siku utakayonionyesha kwamba mashine hizi zinafungua milango ya kweli tu, basi."

Nilielewa uzito wa maneno yake, na nilielewa pia kilichokuwa upande wa pili wa mizani. Muda wa kuomba vyuo ulikuwa unaelekea ukingoni. Waya ukibaki kabatini, wasichana wangefanya kile ambacho karibu kila mhitimu wa huku kwetu hufanya: wangekwenda kwenye duka la steshenari, wakamkabidhi mwenye duka vyeti vyao, wakasimama nyuma ya kiti chake, na yeye angejaza. Angechagua nywila. Mara nyingi angechagua na kozi. Si kwamba ni watu wabaya. Foleni huwa ndefu, mtandao huwa wa kusuasua, na mtu mwenye haraka hujaza kile alichomjazia aliyetangulia. Mhitimu hutoka pale akiwa na karatasi iliyochapwa, bila kujua hasa ameomba nini.

Hili halikuwa jambo la kukisia. Karibu na dirisha aliketi msichana wa Ludewa, kutoka vijiji vya karibu na Mchuchuma, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameomba vyuo kwa njia hiyo hiyo, kwenye duka la huko kwao. Alitaka jiolojia. Mwenye duka alimjazia ualimu, kwa sababu, alivyomweleza baadaye bila hata kuona haya, wasichana wa huku wote huenda ualimu. Nywila alibaki nayo mwenye duka, na alipokumbuka kuitafuta, dirisha la kurekebisha lilikuwa limekwisha kufungwa. Msichana akarudi kulima mahindi na baba yake mwaka mzima.

Nilimuuliza kwa nini jiolojia. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua.

"Kwetu makaa ya mawe tunayasubiri tangu babu yangu akiwa kijana," alisema. "Kila baada ya muda wanakuja watu na magari, wanapima, wanaondoka. Siku yatakapochimbwa nataka anayejua yalivyolala chini awe mmoja wetu. Na mwaka huu, Mwalimu, nabonyeza mwenyewe."

Nikaenda kwenye ile kompyuta kuukuu iliyokaa pembeni, kati ya chumba na intaneti, kama mlinzi wa getini. Kazi yake ni kusoma jina la kila tovuti inayoombwa na kuamua ipite au isipite. Fundi aliyeifunga alikuwa ameiandikia sharti moja fupi: ipite tovuti yoyote ambayo ndani ya jina lake mna *ac.tz*. Nia yake ilikuwa njema. Majina ya vyuo vya nchi yetu huishia hivyo, na jina la namna hiyo halitolewi kwa kila mpita njia; mwombaji sharti athibitishe kwamba ni chuo. Tatizo ni lile neno "ndani". Tapeli hakuhitaji kumiliki jina la chuo. Alihitaji tu kuziweka herufi hizo mahali fulani katikati ya jina lake mwenyewe, na mlinzi wetu angempigia saluti.

Niliwaeleza wasichana hivi: jina la tovuti husomwa kama majina yetu yanavyoandikwa shuleni, la mtoto kwanza, kisha la baba, kisha la ukoo. Mwenye nyumba hujulikana mwishoni. Mtu akiweka jina la ukoo wenu katikati ya majina yake huku la mwisho likiwa la kwao, huyo si ndugu yenu hata kama mmefanana pua. Walicheka, na mmoja akasema anamfahamu mjomba wa aina hiyo.

Chuoni tulijifunza namna ya kumwandikia mlinzi kama huyu masharti makali zaidi, kwa alama chache zinazoeleza umbo la maneno bila kuyataja moja moja. Wataalamu huita regex. Mhadhiri wetu alipenda neno ruwaza, nami nimelishika. Badala ya kuandika orodha ya vyuo vyote, ambayo ingechakaa kabla ya mwaka kwisha, unaandika umbo la jina halali, na kila jina jipya linapimwa kwa umbo hilo. Niliipenda sana mbinu hii chuoni, kwa namna ambayo mtu hupenda hesabu nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingesimama kati ya msichana na mwaka mwingine wa mahindi.

Jumamosi ile nilikwenda kusaidia shambani. Baba ana shamba la misonobari linalopakana na la familia moja ya Uwemba, Wakatoliki, nasi ni Walutheri, na mpaka huo umekuwa chanzo cha urafiki na utani tangu sijazaliwa. Kabla ya kiangazi kukomaa, kila mwenye miti hufyeka na kulima njia ya moto, ule ukanda wa udongo mtupu unaozunguka shamba ili moto wa jirani usivuke. Kazi yenyewe kila mtu huifanya kwake. Lakini kwetu ukaguzi hubadilishwa: mtu hakagui ukanda wake. Jirani hukagua wako nawe unakagua wa jirani, na anayekagua huzunguka kwa miguu mpaka arudi alipoanzia.

Baba alimsalimia jirani yake, "Kamwene," wakaanza.

"Huyu Mkatoliki anakagua kama anasikiliza maungamo," baba alisema, akimtazama mwenzake akiinama kugeuza majani kwa fimbo.

"Na wewe hujatubu," jirani akajibu bila kuinuka. "Njoo uone hapa."

Ilikuwa ni kona ya chini, karibu na kijito. Ukanda ulikuwa umefyekwa vizuri mbele na nyuma ya kona, lakini penyewe pameachwa, majani makavu ya misonobari yamejaa kama godoro. Baba alidhani ni pa jirani. Jirani alidhani ni pa baba. Moto ungepita hapo bila hata kuharakisha. Nilisimama nikitazama ile kona, na nikaona sharti la fundi wa Makambako limelala mbele yangu, udongo mtupu katikati na majani makavu kwenye ncha.

Walipomaliza walikumbushana pia kisa cha zamani, cha mwaka ambao baba, kwa hofu ya moto, alichimba mtaro kuzunguka shamba lote bila kuacha mahali, na msimu wa kuvuna ulipofika trela la mbao likashindwa kuingia. Tulibeba mbao kichwani, watoto na wakubwa. Jirani hukisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka baba hudai kwamba mtaro ule ulikuwa mzuri.

Jumapili baada ya ibada niliketi mezani na kuandika. Ruwaza yangu ilikuwa hivi:

^([a-z0-9-]+\.)+(ac|go)\.tz$

Kwa asiyeizoea inaonekana kama kuku amepita kwenye karatasi, lakini kila alama ina kazi yake. Ile kofia ya mwanzo humwambia mlinzi: anza kusoma mwanzo kabisa wa jina. Alama ya dola mwishoni humwambia: jina liishie hapa, nyuma yake kusiwe na kitu. Hizo ndizo kona mbili za shamba. Katikati, mabano ya kwanza yanaruhusu sehemu za jina, herufi, tarakimu na kistari, kila sehemu ikifungwa na nukta. Mabano ya pili yanaruhusu koo mbili tu, ya vyuo na ya serikali, kwa kuwa maombi ya mkopo hupitia serikalini. Na ule mkwaju, mstari ulioinama mbele ya nukta, ni muhimu kuliko unavyoonekana, maana katika ruwaza nukta peke yake humaanisha herufi yoyote ile. Mkwaju huifanya iwe nukta kweli.

Niliijaribu kwa majina niliyoyatunga mwenyewe. Halali yakapita, ya uongo yakakataliwa. Nilifurahi, kisha nikakumbuka fimbo ya jirani ikigeuza majani. Nilikuwa nimekagua ukanda wangu mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu nilimwomba Sista ruhusa ya jambo ambalo halikumpendeza mwanzoni. Nilitaka waya utoke kabatini kwa saa za asubuhi tu, mbele yake, na watu wengine wajaribu kuivunja kinga yangu. Tena nilitaka amruhusu mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara aje kuwa mkaguzi, kwa sababu simu yake hupokea kila kiungo kinachozunguka mjini, cha kweli na cha uongo. Nilimweleza desturi ya njia ya moto. Aliposikia kwamba jirani yetu ni wa Uwemba, alitabasamu.

"Basi hapo mmekaguliwa," alisema, na akatoa ufunguo mfukoni.

Mwenye steshenari alikuja na simu mbili na koti la baridi lililomfika magotini. Aliniita dada mtaalamu, akauliza kama ameitwa kusaidia kulifunga duka lake. Nilimwambia kuchapa na kutoa kopi hakutakoma Makambako hata nikijitahidi vipi. Akacheka, akaketi, akaanza kusoma viungo kutoka kwenye simu huku wasichana wakiviandika kwenye mashine. Hakuwa na huruma hata kidogo, na ninamshukuru kwa hilo. Alileta majina marefu yenye *ac.tz* tumboni, alileta yaliyobandikwa neno la ziada mkiani, alileta moja lililoweka kistari mahali pa nukta. Moja baada ya jingine yaligonga ukuta, na skrini ikaandika kwamba ukurasa hauruhusiwi. Kila lilipokataliwa wasichana waliguna kwa pamoja kama watu wanaotazama mpira. Kisha tukafungua tovuti za vyuo vya kweli, nazo zikafunguka. Sista alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ndani ya mikono ya sweta lake.

Ndipo msichana wa Ludewa alipoinua mkono.

"Mwalimu, changu kimekataa."

Nilikwenda kwenye mashine yake. Chuo alichokitaka kilikuwa na tovuti ya kweli, na ilikuwa imefunguka. Lakini alipobofya mahali pa kuomba udahili, mlinzi alimzuia. Nilihisi macho ya Sista mgongoni. Msichana aliweka mikono mapajani, akaitazama skrini kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona mlango ukifungwa.

Nikasoma jina lililokataliwa, herufi kwa herufi, kuanzia mwisho kama nilivyowafundisha. Lilikuwa jina la chuo kile kile, ukoo ule ule, lakini nyuma yake palikuwa na nukta pacha na tarakimu. Tarakimu hizo ni namba ya mlango. Chuo kimoja kinaweza kuwa na nyumba moja yenye milango kadhaa, na hiki kilipokea maombi kwa mlango wa pembeni. Mlinzi wetu husoma jina pamoja na namba hiyo, nami nilikuwa nimemwamuru kwamba baada ya *tz* kusiwe na kitu. Nilikuwa nimechimba mtaro wa baba.

Njia rahisi ingekuwa kuing'oa ile alama ya mwisho, nayo ingefungua kona ya kijitoni kwa kila tapeli. Njia nyingine ingekuwa kumwambia msichana aende kuombea ng'ambo ya barabara, chuo kimoja tu si hoja. Najua wapo watu wazima wenye busara ambao wangelisema hilo. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba kinga inayomzuia mwenye haki imeshindwa sawasawa na ile inayompitisha mwizi, na kwamba aliyeiweka hana ruhusa ya kuhesabu ushindi mmoja na kuufumbia macho ushinde wa pili. Nilimwomba Sista anivumilie kidogo. Alivuta kiti, akaketi, jambo ambalo kwake lilikuwa jibu.

Niliacha nafasi ya trela, na si zaidi ya trela:

^([a-z0-9-]+\.)+(ac|go)\.tz(:[0-9]+)?$

Nyongeza ile inasema: baada ya ukoo, ikiwapo nukta pacha na tarakimu tupu, ipite; isipokuwapo, sawa pia; na baada ya hapo kusiwe na kitu. Nilimwasha mlinzi upya. Kisha, kabla ya kumruhusu msichana ajaribu, nilimgeukia mwenye steshenari nikamwomba arudie viungo vyake vyote tangu mwanzo. Alilalamika kwamba chai yake imepoa. Akavirudia. Vyote vilikataliwa kama mwanzo, na wasichana wakaguna upya, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Aliongeza na tarakimu za kubuni kwenye majina ya uongo, wazo lake mwenyewe, na hayo pia yakagonga ukuta.

"Dada mtaalamu," alisema akifunga koti, "hapa mimi sina njia. Nirudi dukani."

Msichana wa Ludewa akabofya. Ukurasa wa udahili ukafunguka polepole, kutoka juu kwenda chini, kama kawaida ya mtandao wa Makambako.

Sista aliinuka, akaenda kabatini. Nilidhani anataka kutafuta kitu kingine, kumbe alikuwa anauchomoa ufunguo kwenye kufuli la kabati. Aliuweka mezani mbele yangu, akasema vikombe vya wageni nitavipangua mwenyewe nikihitaji nafasi, na akaenda zake kwenye sala ya mchana. Sijawahi kupewa cheti kilichonifanya nisimame wima kama ule ufunguo mdogo. Nilitamani baba angekuwepo, na yule jirani na fimbo yake pia.

Msichana alijaza taratibu. Jina, shule, namba ya mtihani. Kwenye kozi hakuhitaji kutafuta; jiolojia aliiona kabla ya macho yangu kuifikia, akaichagua, akairudia kuisoma mara nyingine, midomo ikitembea bila sauti. Kisha ukafika mstari wa kutengeneza nywila. Mimi nilikuwa nimeinama begani kwake, kama mwalimu yeyote, kama mwenye duka yeyote. Vidole vyake vikasimama juu ya vitufe.

"Geuka, Mwalimu," alisema.

Nikageuka. Nilitazama dirishani, kwenye barabara yenye vumbi, lori la mbao likikata kona kuelekea Njombe, na nyuma yangu nikasikia vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja, na mtu ambaye hakuna mwingine ulimwenguni aliyejua anaandika nini. Nilibaki vile vile, mgongo kwake, mpaka aliponiruhusu.